Nilimpeleka akaone simba, akashinda langoni na vijiwe

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na mawazo mengi, na naomba usinicheke. Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka sita, wa pili ni mvulana wa miaka miwili na miezi miwili. Mimi na mume wangu tunashinda kazini wiki nzima, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ndizo siku pekee tunazokuwa na watoto kutwa. Nataka siku hizo ziwe na maana, watoto wafurahi na wajifunze kitu.

Jumamosi iliyopita tuliwapeleka kwenye bustani ya wanyama. Kwa wiki mbili nilikuwa namwonyesha mdogo picha za simba, twiga na tembo, namwigia sauti zao, naye anaigiza. Tulifika karibu saa sita mchana. Tulipoingia, hatua kama kumi tu kutoka langoni, mtoto akaona kifuniko cha chuma cha mtaro, kile chenye matundu. Kando yake kulikuwa na vijiwe. Akachuchumaa, akaokota kimoja, akakitumbukiza tunduni, akasikiliza. Akaokota kingine. Shangazi, alikaa pale zaidi ya nusu saa. Tukimwita, haji. Baba yake alipombeba akajinyonganyonga na kupiga mayowe mpaka watu wakageuka kututazama. Tulipofika kwa simba, simba mwenyewe amelala mbali kwenye nyasi, na mtoto hakumtazama hata mara moja. Alilia begani kwa baba yake, "Jiwe! Jiwe!" Dada yake akanuna kwa sababu hatukufika kwa nyani. Tukarudi nyumbani hatusemezani. Mume wangu amesema hatatoa tena pesa yake kumpeleka mtoto akacheze na mtaro.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Wifi yangu ana binti wa rika moja na mwanangu. Anahesabu mpaka ishirini, anataja rangi, anaimba herufi zote. Wangu hajui rangi hata moja. Anasema "mama maji", "gari kubwa", "baba kaenda", na mengine ya namna hiyo. Wifi ananiambia udongo uwahi ungali maji, nisipoanza kumfundisha sasa ataachwa nyuma. Nikanunua kadi za herufi na tarakimu. Anazichukua moja moja, anazisukuma chini ya kochi, kisha analala kifudifudi kuzichungulia. Siku za mvua tunaishia kumpa simu aangalie katuni ili nipate kupika.

Nielekeze, Shangazi. Tufanye nini siku za mapumziko ambacho kitamfurahisha na kumfundisha? Tuache kabisa kutoka mpaka akue? Na dada yake nimfanyeje?

Mama aliyechoka kubahatisha

*

Marahaba mwanangu,

Sikucheki hata kidogo. Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, na nimeona wazazi wengi wakirudi kutoka matembezini na uso kama huo wako. Nianze na kile kifuniko cha mtaro, kwa sababu majibu mengi unayoyatafuta yako pale pale.

Siku moja chuchumaa karibu naye, macho yako yawe sawa na yake. Kijiwe kina uzito mkononi. Kina joto la jua upande mmoja, na upande uliogusa ardhi una ubaridi. Hiki kinapita tunduni, kile kinakwama, lakini akikigeuza kwa wembamba wake kinapita. Kisha kinapotea. Hakionekani tena, na bado baada ya kitambo kidogo sauti inapanda kutoka chini: kipo. Kikubwa kinatoa sauti nzito, kidogo kinalia "ti". Mwanao alikuwa anapima ukubwa, anajifunza kwamba kitu kisichoonekana hakijaisha, na anajaribu tena ili ahakikishe kwamba kilichotokea mara ya kwanza kitatokea na mara ya pili. Hakuna aliyemwagiza, na hakuchoka kwa nusu saa nzima. Mwalimu gani asiyetamani mwanafunzi wa namna hiyo?

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896, alitumia muda mrefu kuwatazama watoto wake mwenyewe watatu walipokuwa wadogo, na akaandika jinsi mtoto anavyoangusha kitu, halafu anakiangusha tena kwa namna nyingine kidogo, aone nini kitabadilika. Sisi tunaita utundu. Kwa mtoto ni uchunguzi.

Na zile kadi zinazosukumwa chini ya kochi? Ni somo lile lile la mtaro. Kuingiza, kupoteza, kutafuta. Umenunua kadi za herufi, naye amegundua kwamba ni bapa na zinapenya mahali pembamba, jambo ambalo ni kweli kabisa. Kwa sasa hicho ndicho anachokifanyia kazi, na ukimpa vitu vinavyoendana nacho utamwona anatulia. Chukua boksi la viatu, likate mwanya juu ya kifuniko, mpe kadi hizo hizo azitumbukize. Wiki ijayo kata tundu la duara kando ya mwanya, ongeza mpira mdogo usioweza kuingia mdomoni. Atahangaika kujua kipi kinapita wapi. Hutahitaji kumwita aje acheze.

Sasa tumzungumzie simba. Wewe ulimwona kwa sababu unajua kumtafuta: jicho lako linajua kwamba simba aliyelala ni kama kilima cha rangi ya nyasi kavu. Mwanao simba anayemjua ni wa kwenye ukurasa, mkubwa, amesimama wima, na anakuja na sauti ya mama yake. Kitu kilicholala mbali nyuma ya uzio, kisichosogea, kisicholia, si simba wake. Mtoto wa miaka miwili huvutwa zaidi na kilicho karibu, anachoweza kukigusa, na kinachofanya jambo akikigusa. Kwa hiyo hukukosea kumtoa. Ila matembezi yale yalipangwa kwa macho ya watu wazima.

Mkirudi bustani ya wanyama, msiende kuona wanyama wote. Nendeni mkaone mmoja, na awe yule anayetembea na kufanya kitu karibu na watu. Kobe anafaa kuliko simba. Bata anafaa. Kaeni hapo hapo mpaka mtoto mwenyewe ageuke. Dada yake mpeni nafasi ya kuchagua mnyama wa pili, na mmoja wenu aende naye huko huku mwingine akibaki na mdogo. Familia si lazima itembee kama gari moshi, mabehewa yote nyuma ya injini moja.

Kuna jambo ulilitaja kwa kupita tu, nami nimelirudia kulisoma mara mbili: mlifika saa sita mchana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Saa mliyofika nyinyi, watoto wengi wa umri wake wanaelekea kulala au tayari njaa inawauma. Mayowe yale hayakuwa ya jiwe peke yake. Toka naye asubuhi, akiwa ameamka vizuri na amekula, na mrudi nyumbani akiwa bado anacheka. Saa moja au moja na nusu inatosha kabisa. Najua inaonekana ni hasara kujiandaa muda mrefu, kubeba nepi, maji na nguo za kubadilisha, kwa ajili ya saa moja. Lakini saa moja nzuri mtoto ataitaka tena kesho. Saa nne za kilio atazikumbuka baba.

Na kuondoka kuna namna yake. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, maana ndipo matembezi mengi huharibika. Mtoto wa miaka miwili hajui dakika tano ni nini. Ukimwambia "dakika tano tu tunaondoka", umemwambia maneno matupu, na ukimnyanyua kwa ghafla ni kama mtu amekuzimia taa ukiwa katikati ya kusoma. Mhesabie kwa kitu anachokifanya. "Vijiwe vitatu vya mwisho." Umpe cha kwanza, akitumbukize. Cha pili. Cha tatu. "Kwaheri mtaro." Apunge mkono. Halafu mpe kazi ya kufanya njiani: ashike chupa ya maji, au akamtafute dada yake. Mara ya kwanza huenda akalia bado. Mara ya nne au ya tano atakuwa amekwisha kuelewa kwamba vitatu vikiisha tunaenda, na usishangae ukimsikia akisema "tatu" siku ambayo hujamuuliza.

Hapo ndipo nilipotaka kufika kuhusu hesabu. Sina neno baya kwa binti wa wifi yako, na mtoto anayefurahia kuimba namba aimbe. Lakini kutaja mpaka ishirini kwa mfululizo, kwa umri huo, ni wimbo. Kujua "mbili" ni kitu kingine: ni kuambiwa "niletee viatu viwili" ukaleta viwili. Elimu hiyo haiji kwa kadi, inakuja kwa ngazi mnazopanda mkihesabu, vijiko mnavyopanga mezani, soksi mnazozitafutia wenzake. Rangi nazo, watoto wengi hawaziweki sawa mpaka wakaribie miaka mitatu au hata wapite. Mwanao anaunganisha maneno mawili, "gari kubwa", "baba kaenda", na hilo ndilo linalotazamiwa kwa umri wake. Angekuwa haunganishi maneno kabisa, au hageuki ukimwita jina, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, ningekuambia usingoje, mpeleke kwa daktari na muanze kwa kupima masikio. Kwa uliyonieleza, sioni cha kukutisha.

Wifi yako amesema kweli kuhusu udongo. Ila aliyewahi kumtazama mfinyanzi anajua kwamba udongo ukiwa bado maji haukandamizwi, unaguswa kwa mkono mwepesi na uliolowa. Mwambie hivyo kwa upole, kisha mbadilishe mazungumzo.

Uliniuliza mfanye nini. Maji kwanza. Beseni, vikombe viwili visivyolingana, kijiko kikubwa, chujio na sifongo. Weka nje au juu ya taulo, mvue nguo, na utapata nusu saa ya kumimina. Atajifunza kujaa na kumwagika, kingi na kidogo, kinachozama na kinachoelea. Mpe brashi ya rangi na kopo la maji "apake" ukuta wa nje: ukuta unakuwa mweusi, halafu jua linamfutia, anaanza upya. Lakini usimwache peke yake na beseni hata kwa kwenda kufungua mlango. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita 5, na hazami kwa kelele. Ukimaliza, mwaga maji yote hapo hapo. Vijiwe navyo, vile vidogo, kaa karibu: chochote kinachopenya kwenye kile kiini cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba kooni.

Siku ya mvua, fanya kapu. Elinor Goldschmied, mwalimu wa watoto wadogo wa Uingereza, alianzisha mchezo wa kuwapa watoto wanaoweza kuketi na wanaoanza kutembea vitu vya kawaida vya nyumbani badala ya vitu vya kuchezea. Kijiko cha mbao, funguo kubwa kuukuu, kifuniko cha sufuria, kipande cha kitambaa laini, brashi, mkebe, mnyororo mnene. Weka chini, kaa kando yake, nyamaza. Usimwonyeshe kinachofanywa. Utaona atakavyouingiza mnyororo kwenye mkebe, autoe, auingize, huku akiinua kichwa kukutazama kama umesikia ile sauti. Ukiitikia kwa jicho tu, inatosha. Vifiche vitu hivyo baada ya siku mbili tatu na uvirudishe wiki nyingine. Vitakuwa vipya.

Huku jikoni, unapika naye au anapika peke yake kando yako: bakuli tupu, mwiko, na majani machache uliyokata ya kuchanganya. Maria Montessori alipofungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, aliona watoto wakiacha vitu vya kuchezea na kukimbilia kazi za kweli za kufagia, kufuta na kupanga. Mwanao vilevile. Mpe kitambaa afute meza. Atailowesha zaidi ya ilivyokuwa, na ni sawa. Hii itapunguza simu bila vita. Mwongozo ule ule niliokutajia unashauri mtoto wa miaka miwili asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kama siku fulani umeshindwa ukampa katuni ili chakula kiive, usijihukumu. Ukipata nafasi, keti naye, mtajie kinachopita.

Na msiache kutoka. Huo mwongozo unataka mtoto huyu awe anatembea, anaruka, anapanda na kukimbia kwa jumla ya dakika 180 kwa siku, na ndani ya nyumba ni vigumu kuzifikia. Lakini "kutoka" si lazima kuwe na tiketi. Mwacheni mtoto mwenyewe aongoze njia kuanzia mlangoni kwenu, nyinyi mfuate nyuma kwa mwendo wake. Huenda msifike hata mwisho wa barabara. Atasimama kwenye kila ufa wa ukuta, atafuata siafu, atataka kupanda na kushuka kibaraza kimoja mara kumi na mbili. Siku nyingine kaeni mahali salama mtazame magari yakipakia na kushusha, au tingatinga likichimba. Kwa mvulana anayesema "gari kubwa", hilo ni darasa zima: linapanda, linashuka, limejaa, limemwaga. Jioni mtoke mkaone mwezi, na kesho yake mwende tena mkauangalie umekaaje. Kama kuna maktaba yenye sehemu ya watoto, mpelekeni achague kitabu yeye mwenyewe, hata akichagua kile kile mara sita. Na mkiwa na jumba la makumbusho ambalo watoto wanaruhusiwa kushika vitu, ni hazina. Wazo hilo ni la zamani, huko Brooklyn, Marekani, walifungua makumbusho ya watoto mwaka 1899. Palipo na kioo na "usiguse" kila upande, subiri miaka michache.

Ukiwakutanisha yeye na binti wa wifi, usitegemee watacheza pamoja. Watakaa bega kwa bega, kila mmoja na lake, wakitupiana macho, na kunyang'anyana mara moja moja. Ni hatua ya kawaida ya umri huo, Mildred Parten aliieleza katika utafiti wake wa mwaka 1932 juu ya watoto wa chekechea. Leteni mabeseni mawili, vikombe viwili viwili, na nyinyi mama mpate kuzungumza.

Dada yake ana miaka sita na yeye ana haki yake. Usimfanye yaya. Mpe heshima ya kuwa mtaalamu: siku ya kutoka, yeye ndiye anashika karatasi na kuchora mdogo wake amesimama wapi na wapi. Atakuonyesha vitu ambavyo hukuviona. Kisha awe na saa yake na mzazi mmoja, mdogo akiwa amelala, ya mambo ya watu wakubwa: kusoma hadithi ndefu, kushona, kucheza karata. Na anawadai nyani wake. Mpeleke, wewe na yeye tu.

Mume wako msimgombanishe na mtaro. Alilipa, akaona aibu mbele za watu, akachoka, na aliyembeba mtoto akipiga mateke ni yeye. Usimwambie niliyoyaandika hapa kama hukumu. Mwombe jambo dogo: asubuhi ya Jumamosi hii, kabla jua halijawa kali, aende na mdogo peke yao mahali popote karibu nanyi penye kifuniko cha namna ile, abebe kopo la vijiwe vikubwa vikubwa na achuchumae naye. Akitumbukiza kimoja na yeye, asikilize. Wakirudi, muulize mtoto walifanya nini, na umwache baba yake asimulie sehemu ambazo mtoto hana maneno yake.